Homoni ya Kwenye Chupa Haina Boya

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina tangi la maji juu ya paa, na ndani ya tangi mna boya. Maji yakipungua, boya linashuka na maji ya mfereji yanaingia. Yakijaa, boya linapanda na kuziba njia. Hakuna anayelazimika kukaa juu ya paa akiangalia. Kwetu sisi tunaoshinda kwenye chumba cha ushauri wa maradhi ya sukari na tezi, hakuna mfano unaoeleweka haraka kuliko huo, kwa mzee ambaye hakusoma na kwa mwanafunzi wa uuguzi vilevile. Homoni za mwilini zinaendeshwa kwa maboya. Mengi yanayoharibika yanaharibika pale mtu anapoanza kutia homoni kwa mkono, iwe sindano, kidonge au krimu, na hakuna aliyemwambia kwamba homoni ya kwenye chupa haikuja na boya lake.

Homoni ni ujumbe. Tezi inautoa kwenye damu, damu inauzungusha mwili mzima, lakini unasikika tu kwenye seli zilizo na kipokezi chake. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, ndiyo maana kosa dogo la kipimo linaonekana upesi.

Kuna tofauti moja ambayo inafaa ijulikane mapema. Homoni za jamii ya protini, kama insulini na oksitosini, ukizimeza tumbo linazisaga kama linavyosaga samaki, na joto nalo linaziharibu. Hizo huchomwa, na huwekwa penye baridi. Homoni za jamii ya mafuta, kama kotisoli (itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo) na homoni za uzazi, zinamezeka, na baadhi yake hupenya hata ngozi. Tutalirudia hilo tukifika kwenye krimu.

Karibu mizunguko yote ya homoni inajifunga yenyewe, kama boya linavyoziba njia. Mfano wa usiojifunga ni uchungu wa uzazi: kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa kizazi, ubongo unatoa oksitosini, kizazi kinabana, kichwa kinasukuma zaidi, oksitosini inazidi. Hapo anayeufunga mzunguko ni mtoto mwenyewe, kwa kutoka.

Sasa insulini, ambayo ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, hutoka kwenye kongosho, ndani ya vijisiwa vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869. (Kwa watu wa visiwani jina la "vijisiwa" halina haja ya ufafanuzi.) Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5, na sukari ikiwa 5 mmol kwa lita (milimoli, ndicho kipimo cha namba zote za sukari humu), basi damu hiyo yote ina sukari gramu 4.5 hivi. Ni kijiko kimoja cha chai. Kikombe kimoja cha chai ya nyumbani kwetu huwa na zaidi ya hiyo, na bado mtu mzima wa afya akinywa, damu yake haiyumbi sana. Kazi hiyo inafanywa na boya la kongosho: sukari inaingia kwenye seli ya kijisiwa, inaunguzwa, nishati inayopatikana inafunga mlango wa potasiamu, kalsiamu inaingia, na insulini inamwagwa. Sukari ikishuka, mlango unafunguka na mmwago unakatika. Insulini iliyokwishatoka, nusu yake hupotea kwenye damu ndani ya dakika 4 hadi 6, kwa hiyo marekebisho yanafanyika dakika kwa dakika. Na sukari ikishuka mno, seli za jirani hutoa glukagoni, nayo huliambia ini lifungue akiba yake, gramu 100 hivi kwa mtu aliyekula vizuri.

Linganisha na sindano. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, huanza kazi baada ya nusu saa na kuendelea kwa saa nyingi, pengine mpaka siku ya pili. Ukishaichoma, hairudi. Mgeni akija ukaacha kula, sindano haijui. Ukitembea kutoka shamba juani, haijui.

Vidonge vya sukari vya glibenklamaidi vina tabia hiyohiyo, na watu hawavishuku kwa sababu ni vidonge. Kidonge hicho hufunga mlango uleule wa potasiamu tuliousema, bila ya kuuliza sukari iko ngapi. Mwenye kukimeza asubuhi akanywa chai kavu akaenda zake baharini, tunamtarajia aanguke kabla ya adhuhuri. Metformini, kidonge kingine cha sukari, haifanyi kazi kwa njia hiyo, na ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba anameza "dawa ya sukari", swali letu la kwanza ni: lete karatasi yake tuione.

Mazungumzo haya tunayasikia mara nyingi mno:

"Bi mkubwa, sindano unachoma wapi?"

"Hapahapa, mwanangu. Siku zote hapahapa, hapaniumi tena."

Ukipapasa pale, chini ya kitovu upande mmoja, kidole kinakutana na uvimbe laini kama mpira. Ngozi imetuna kidogo na haina rangi tofauti, kwa hiyo kwa macho huenda usiione. Huo ni mafuta yaliyojikusanya kwa sababu insulini yenyewe huyakuza. Hapaumi, kweli, lakini insulini ikiingia hapo inakwama. Leo inatoka kidogo, kesho inatoka kwa mkupuo. Kwenye daftari utaona sukari 16, halafu 5, halafu 19, na chakula ni kilekile. Daktari asiyepapasa tumbo ataongeza dozi. Siku bibi atakapohamisha sindano kwenye paja, ile dozi iliyoongezwa itafanya kazi yote, na sukari itaporomoka. Ndiyo maana anayehama kutoka kwenye uvimbe lazima aseme kliniki kwanza, dozi ipunguzwe, apime mara kwa mara wiki ile. Kuhama kwenyewe ni rahisi: tumbo ligawe mafungu manne, kila fungu wiki moja, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole.

Kosa jingine liko kwenye bomba la sindano. Yapo ya nusu mililita ambayo kila mstari ni yuniti 1, na yapo ya mililita 1 ambayo kila mstari ni yuniti 2. Mtu aliyezoea kuhesabu "mistari kumi" kwenye bomba dogo, siku akipewa kubwa anajichoma yuniti 20 badala ya 10. Tunafundisha kusoma namba iliyoandikwa, mistari usiihesabu hata kidogo. Bomba la kawaida la mililita, lisilo la insulini, tusingependa kuliona kabisa kwenye kazi hii, maana insulini yetu ina yuniti 100 katika kila mililita, na tone moja la ziada ni yuniti kadhaa.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Ile ya rangi ya maziwa ikikaa, dawa hutuama chini kama tui lililoachwa. Iviringishe baina ya viganja mara kumi hadi ishirini mpaka iwe rangi moja. Usiitikise, itatoa povu na povu litakudanganya kipimo. Vuta hewa kwenye bomba kiasi cha dozi, isukume ndani ya kichupa, kigeuze kichwa chini, ndipo uvute dawa. Viputo vikionekana, gonga kwa kucha vipande juu, virudishe. Choma upana wa vidole viwili mbali na kitovu, sukuma taratibu, hesabu mpaka kumi ndipo uitoe. Usipasugue.

Kuhifadhi ni suala kubwa kwetu kuliko vitabu vinavyodhani. Kichupa kisichofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje wiki nne, ilimradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina, na Februari, kaskazi ikiwa imeshika, chumba chenye paa la bati hupita hapo kabla ya saa tano asubuhi. Wanaokumbuka kiza kile cha miezi mitatu Unguja, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua friji ni sanduku tu umeme ukikosekana. Mtungi wa udongo unasaidia: tia kichupa ndani ya mfuko au kopo lisiloingiza maji, kiweke ndani ya mtungi wenye maji, mtungi uwe kivulini penye upepo. Baridi yake inatokana na maji kupenya udongo na kukauka kwa nje, kwa hiyo wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, mtungi haupoozi kama unavyopooza kipupwe. Tuseme ukweli, ni bora kuliko kabati, lakini friji haifikii. Na huko kwenye friji yenyewe, usiegemeze kichupa kwenye ukuta wa barafu. Insulini iliyoganda, hata ikayeyuka ikaonekana nzima, imekwisha. Kadhalika ile angavu ikifanya ukungu, au ile ya maziwa ikiganda vijitonge ubavuni mwa kichupa. Anayevuka baina ya Unguja na Pemba aibebe kwenye mkoba wake wa mkononi. Mzigo unaotupwa juani kwenye sitaha tusiuzungumze.

Sukari ikishuka chini ya 4, mwili una boya la pili, adrenalini. Hilo ndilo linaloleta jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio. Ni king'ora, na mtu anapaswa kukisikiliza. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu gilasi ya maji, anywe, mngoje dakika 15, mpime. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale kitu cha kukaa tumboni, mkate au muhogo. Soda inafaa, nusu chupa, isiwe ile isiyo na sukari, na tumeona watu wakikimbilia hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa mgonjwa wa sukari. Tende ni nzuri lakini inahitaji kutafunwa na haifanyi haraka kama maji ya sukari. Chokoleti na maziwa yana mafuta, yanachelewa. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mpelekeni spitali.

Mwenye sukari ya miaka mingi, au anayemeza vidonge fulani vya presha ya moyo, king'ora hicho hufifia. Haoni jasho wala kutetemeka, anaanza moja kwa moja kuongea maneno yasiyoeleweka, pengine usiku, pengine kwa ukali usio wake. Nyumba hujaa, wengine wanasema kapandwa. Hatubishani na mtu juu ya hilo. Tunachoomba ni kwamba kabla maji ya zamzam hayajaletwa, kidole kichomwe sukari ijulikane. Kusomewa na kupima havizuiani.

Lalamiko jingine: "Usiku nimekula kidogo sana, asubuhi sukari 12, imetoka wapi?" Imetoka kwenye ini. Karibu na alfajiri mwili unatoa kotisoli na homoni ya ukuaji kumwamsha mtu, nazo huliamrisha ini limwage sukari. Mwenye kongosho zima hatambui, kwa sababu insulini huongezeka papo hapo. Lakini sukari ya juu asubuhi inaweza pia kuwa ilishuka mno usiku, mwili ukaipandisha kwa nguvu. Kuyatenganisha hayo kunataka kupima saa tisa usiku, siku mbili tatu. Ikiwa iko juu saa hiyo, dozi ya jioni haitoshi. Iko chini, dozi imezidi. Kuongeza dozi bila ya kipimo hicho ni kupiga ramli.

Halafu kuna homa. Mtu kapata malaria au kidonda, hali chakula, akaamua kuacha insulini "kwa kuwa sijala". Hili ndilo kosa linaloua wagonjwa wa aina ya kwanza, wale ambao kongosho lao halitoi insulini. Maradhi hupandisha kotisoli na adrenalini, na zote mbili huipandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Bila ya insulini mwili unayeyusha mafuta, damu inachacha, mtu anatapika, anapumua kwa kina na haraka, pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Dozi inaweza kupunguzwa kwa ushauri, ile ya kukaa muda mrefu haiachwi. Apime kila saa nne, anywe maji.

Ramadhani inataka mpango tangu Rajabu. Huku kwetu mfungo ni saa 13 hadi 14 kila mwaka, kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta na mchana hautofautiani sana. Saa za mwanzo daku linafanya kazi, baadaye ini linafungua akiba, na ikifika alasiri akiba imepungua huku dawa bado iko kazini. Ndiyo maana wengi huanguka baina ya alasiri na magharibi. Kwa kawaida anayechoma mchanganyiko mara mbili, dozi yake ya asubuhi huhamishwa wakati wa futari, na ile ya jioni hupunguzwa robo mpaka nusu ikachomwa wakati wa daku. Metformini ya mara mbili humezwa futari na daku. Glibenklamaidi tunapendelea daktari aibadilishe. Lakini hesabu hizo ni za kuanzia mazungumzo. Dozi yako itoke kliniki na daftari lako likiwa mezani.

Daku lisiliwe saa sita usiku mtu akalala. Hapo amejiongezea saa tano za njaa. Liliwe mwisho wa usiku, liwe na maharage, kunde au mayai. Kuchoma kidole kwa kupima hakufunguzi, na wanazuoni wengi wamelisema, kwa hiyo pima asubuhi, adhuhuri na alasiri. Ikishuka chini ya 3.9 fungua papo hapo, hata kama adhana imebaki robo saa. Hiyo robo saa tunaijua, ndiyo anayokufa nayo mtu. Ikizidi 16.6 vilevile fungua. Mjamzito anayechoma insulini, mwenye figo zilizoharibika, na aliyewahi kupoteza fahamu kwa sukari kushuka ndani ya miezi mitatu, hawa tunawaambia waziwazi wasifunge. Na baada ya magharibi tatizo linageuka: tende, uji wa sukari, kaimati, juisi, kisha sahani ya muhogo na majimbi ya nazi, vyote ndani ya nusu saa. Sahani ni moja na samaki wake. Kaimati mbili zinatosha kumridhisha aliyezipika.

Tukitoka kwenye sukari, kosa linalotuudhi kuliko yote ni vidonge vya kunenepa. Ni deksamethasoni au prednisoloni, dawa halali za pumu na maradhi mengine, zinazonunuliwa rejareja na mtu anayetaka kujaza mashavu kabla ya harusi. (Singo, ile ya kumsugua bi harusi mwili, haijawahi kumdhuru kiasi hicho.) Boya la kotisoli ni hivi: ubongo unaiamuru tezi ya pituitari, pituitari inaziamuru tezi zilizo juu ya figo, kotisoli inatoka, inarudi kwa njia ya damu kuuambia ubongo yatosha. Ubongo hautofautishi kotisoli ya mwili na ya dukani. Ukimeza, unasoma kwamba tangi limejaa, amri inakatika, na tezi za juu ya figo zinasinyaa kwa kukosa kazi. Ni mfereji uliofungwa muda mrefu mpaka ukashika kutu.

Deksamethasoni ina nguvu. Miligramu 0.75 yake ni sawa na miligramu 5 za prednisoloni au 20 za haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dukani. Kidonge kidogo cha nusu miligramu mara tatu kwa siku ni kama prednisoloni miligramu 10, yaani maradufu ya kile ambacho mwili hujitengenezea. Mwezi mmoja uso unakuwa duara, tumbo linatuna, mikono na miguu inakonda, mistari ya zambarau inatokea tumboni, sukari na presha zinapanda. Mtu anaogopa, anaacha siku moja. Hapo ndipo hatari ilipo: siku chache baadaye ni mnyonge, anatapika, presha imeshuka, akisimama anaona kizunguzungu, na akipata homa tu anaweza kuzimia. Hutibiwa kama malaria, kumbe mwili hauna kotisoli. Aliyetumia zaidi ya wiki tatu au nne asiache ghafla; aende na pakiti, apunguziwe hatua kwa hatua, na mwili unaweza kuchukua miezi mingi kurudi. Krimu nyingi kali za kujichubua nazo zina dawa za jamii hiyo, na zikipakwa mwili mzima kila siku huingia kwenye damu zikafanya hayohayo. Tukitaka kujua tezi zimeamka, damu huchukuliwa saa mbili asubuhi, wakati kotisoli inapokuwa juu. Ikichukuliwa jioni, namba ndogo haituambii kitu.

Rovu, ule uvimbe wa shingoni, nalo ni habari nyengine. Hapa boya ni zima na mfereji uko wazi, lakini maji hayaji. Tezi ya shingo inatengeneza homoni kwa madini joto, na homoni yake kuu ina atomi nne za madini hayo. Yakikosekana, homoni inapungua, pituitari inapiga kelele kwa kutoa zaidi TSH, homoni ya kuihimiza tezi ya shingo, na tezi inayosukumwa bila ya malighafi inavimba.

Watu husema: sisi tuko baharini, tunakula samaki, tukose madini joto? Uchunguzi wa watoto wa skuli uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu kwa karibu theluthi moja ya watoto Pemba na kama moja ya tano Unguja, na nyumba za Pemba zenye chumvi ya madini joto zilikuwa za kutafutwa. Hesabu inaonyesha kwa nini. Lita moja ya maji ya bahari ina mikrogramu 50 hadi 60 za madini joto na gramu 35 hivi za chumvi. Kilo moja ya chumvi inataka kama lita 29, na hata kama madini yote yangebaki, yasingefika miligramu 2. Mtu anayekula gramu 5 za chumvi hiyo kwa siku anapata mikrogramu zisizozidi 10, na anahitaji 150; mjamzito 250. Chumvi iliyotiwa miligramu 30 kwa kilo inampa 150 kamili. Muhogo unaongeza uzito: sumu yake kidogo inayobaki mwilini hugeuka kitu kinachoshindana na madini joto kwenye mlango wa tezi. Mwenye madini ya kutosha haumdhuru.

Kwa hiyo nunua chumvi iliyoandikwa madini joto, ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko, itie mchuzi ukikaribia kuiva. Chumvi ya mawe iliyoachwa wazi kwenye kijungu, hata kama ilitiwa madini, inayapoteza taratibu kwa unyevu. Tone la majimaji ya kupimia lenye wanga likiangukia chumvi yenye madini, linageuka buluu. Lisipogeuka, ni chumvi tupu. Wa kwanza kulindwa ni mjamzito, kwa sababu wiki za mwanzo ubongo wa mtoto unategemea homoni ya mama peke yake.

Tezi ikichoka kabisa dalili zake huchanganywa na uvivu: usingizi, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, sauti kukwaruza. Mtu anayejifunika shuka mchana wa Januari tunampima TSH bila ya kungoja dalili nyengine. Ikiwa iko juu sana anapewa levothairoksini, homoni ya tezi ya shingo katika kidonge, na humezwa kwa maji matupu, nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula. Chai ya maziwa, vidonge vya damu na vya kalsiamu huizuia isiingie. Vidonge hivyo viwe mbali kwa saa nne. Ramadhani humezwa nusu saa kabla ya daku, au usiku wakati wa kulala ikiwa futari imepita saa tatu. Homoni hiyo nusu yake hukaa kwenye damu wiki nzima, kwa hiyo baada ya kubadilisha dozi usipime mapema. Ngoja wiki sita mpaka nane. Na siku ya kipimo, nenda na kidonge mkobani, ukimeze ukishatolewa damu.